Je, Wajua? Usukani Unaohama na Mambo Mengine ya Gari Kuukuu Gisenyi

Ukitoka Gisenyi ukapita Musanze, kisha ukakata kaskazini hadi mpaka wa Cyanika, hujamaliza kilomita 100, na hapo ndipo sheria ya barabara inapogeuka. Upande wa Rwanda magari hupita kulia. Upande wa Uganda hupita kushoto. Mtu wa Rubavu, wilaya yenye mji wa Gisenyi, anayefufua gari la marehemu babu yake nyuma ya nyumba, tuseme Peugeot 404 au Land Rover iliyolala chini ya turubai tangu enzi za faranga za sarafu nzito, anaujua mstari huo hata kama hajawahi kuuvuka, kwa sababu spea zake nyingi zimeuvuka. Na kazi ya gereji ikiisha inabaki kazi nyingine: kulipeleka gari kwa wakaguzi wa polisi, lipimwe breki, taa, moshi na chesi, lipewe cheti au lirudishwe nyumbani.

Watu wengi huamini kwamba gari kuukuu haliwezi kupita mbele ya mashine hizo. Mambo yafuatayo yanaonyesha kwamba mara nyingi ni kinyume chake: la zamani hukubali kurekebishwa kuliko lile la juzi.

Je, wajua kwamba Rwanda iliwahi kupima kwa dhati wazo la kuhamia kushoto?

Kupita kulia ni urithi wa utawala wa Wabelgiji katika Ruanda-Urundi. Kenya, Uganda na Tanganyika zilirithi kushoto kwa Waingereza. Mwaka 2005 Rwanda ilipiga marufuku kuingiza magari yenye usukani wa kulia, na miaka miwili baadaye ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako karibu kila jirani anaendesha kwa usukani huohuo uliokatazwa. Hapo ndipo hesabu ikaanza kuuma. Utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba asilimia 54 ya waliohojiwa waliunga mkono kuhamia kushoto, na sababu kubwa haikuwa umoja wa Jumuiya bali mfuko: gari lenye usukani wa kulia lilikuwa na bei ya chini kwa asilimia 16 hadi 49 kuliko lile la aina hiyohiyo lenye usukani wa kushoto. Chanzo ni Japani, ambako watu hupita kushoto na huyauza magari yao yangali na nguvu. Katikati ya miaka ya 2010 mlango ukafunguliwa kidogo kwa malori. Barabara yenyewe imebaki kulia.

Baadhi ya nchi za Afrika zilizohama zilikwenda upande mmoja: kwa mfano Nigeria tarehe 2 Aprili 1972 na Ghana tarehe 4 Agosti 1974, zote kutoka kushoto kwenda kulia, zifanane na majirani zao waliotawaliwa na Wafaransa. Samoa ilikwenda kinyume. Tarehe 7 Septemba 2009 nchi hiyo ya visiwa ilihama kutoka kulia kwenda kushoto, na sababu ni ileile waliyoitaja Wanyarwanda: magari ya bei nafuu.

Je, wajua kwamba waipa zinaweza kufichua gari lililohamishwa usukani?

Kutoka Gisenyi vuka mpaka wa Kongo kwa miguu, uingie Goma. Huko nako magari hupita kulia, lakini magari mengi yana usukani kulia pia, kwa kuwa yametoka Japani kwa njia ya Dubai na bandari za Afrika Mashariki. Dereva wa namna hiyo akitaka kulipita lori hana budi kumwuliza abiria wa mbele kama njia iko wazi, na maisha ya wote yamo mikononi mwa mtu ambaye pengine anasinzia. Kwenye Hiace mambo ni mabaya zaidi. Mlango wake wa kuburuta uko kushoto, upande wa kando ya barabara kule Japani. Goma mlango huo hufunguka katikati ya barabara, na mama mwenye mtoto mgongoni hushuka palepale zinapopita pikipiki.

Ndiyo maana kuna biashara nzima ya kuhamisha usukani. Sehemu moja inayojulikana kwa kazi hiyo ni Ras Al Khor, Dubai, kwenye eneo huru la magari lililofunguliwa mwaka 2000, ambako gari la Kijapani hufunguliwa mbele yote kabla ya kusafirishwa tena. Kinachohama si mti wa usukani peke yake. Pedali huhama, master silinda na busta ya breki huhama, dashibodi hubadilishwa nzima, nyaya hurefushwa, na ukuta wa bati unaotenga injini na miguu ya dereva hutobolewa upya. Gari likishapigwa rangi na kusuguliwa, mnunuzi haoni kitu.

Waipa ndizo husahaulika. Kiwandani hupangwa zifagie kioo hadi karibu na nguzo ya upande wa dereva, na pembe chafu ibaki kwa abiria. Usukani ukihamishwa bila kuhamisha mtambo wa waipa, dereva ndiye anayebaki na pembe chafu, na abiria anaona Ziwa Kivu lote. Ningekuwa mkaguzi ningeanza hapo, halafu ningeinama chini kutazama kitu kimoja tu: kama mti wa usukani umeunganishwa kwa kuchomelewa. Chuma cha usukani hakichomelewi. Kiungo hicho kinaweza kuvumilia miaka mitano kikakatika siku moja kwenye kona, na usukani ukazunguka mkononi bure.

Je, wajua kwamba Land Rover ya kwanza ya majaribio ilikuwa na usukani katikati?

Hapa ndipo gari kuukuu linapolishinda jipya, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Land Rover ilizinduliwa katika maonyesho ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilitolewa kwa mgawo, na kampuni ya Rover ikaamua kutengeneza bodi kwa aluminiamu iliyokuwa imejaa baada ya ndege za kivita kusimama. Gari la majaribio lililotangulia liliwekewa usukani katikati kama trekta, ili kiwanda kisihangaike na kushoto wala kulia. Wazo hilo liliachwa, lakini nia yake ilibaki kwenye magari yaliyouzwa. Mita za kasi na mafuta ziliwekwa katikati ya dashibodi, zionekane na dereva wa upande wowote. Ukuta wa mbele ulipigwa umbo moja kwa pande zote mbili, na upande usiotumika ukafunikwa kwa vibati vilivyofungwa kwa skrubu. Fungua vibati, hamisha pedali, na nusu ya kazi imekwisha bila kuwasha mashine ya kuchomelea.

Linganisha na gari la mwaka 2015. Ukihamisha usukani wake unahamisha pia mfuko wa hewa wa usalama, vihisio vyake, mota ya umeme inayosaidia kuzungusha usukani, na kompyuta ambayo huenda ikakataa kuwasha injini kwa sababu waya mmoja umerefushwa. Fundi wa nyumbani anaweza kuifanya kazi hiyo ionekane imekamilika. Kuifanya iwe salama ni habari nyingine, na mkaguzi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari ataiona taa ya hitilafu kabla hajafungua boneti.

Aluminiamu ya Land Rover ina adhabu yake. Inapogusana na chuma kukiwa na unyevu, metali hizo mbili hufanya kama betri ndogo na aluminiamu huliwa taratibu, ikigeuka unga mweupe. Rubavu mvua haina uchache. Kwa hiyo mtu anayenunua Land Rover ya zamani asidanganywe na bodi isiyo na kutu. Chesi iliyo chini ni ya chuma, na ndiyo mkaguzi atakayoigonga kwa nyundo.

Magari haya yana historia yake katika milima hii. Dian Fossey, mtafiti wa sokwe, aliitoroka Kongo mwaka 1967 na Land Rover yake aliyoipa jina la Lily, kisha tarehe 24 Septemba mwaka huohuo akafungua kambi ya Karisoke kati ya Karisimbi na Bisoke, upande wa Rwanda. Rafiki yake Rosamond Carr aliishi Mugongo, juu kidogo ya Gisenyi, kwenye shamba lake la maua.

Je, wajua kwamba kioo cha taa huandikwa kilitengenezwa kwa barabara ya upande gani?

Ukiwasha taa fupi mbele ya ukuta, utaona mwanga haukukatwa sawasawa. Upande mmoja umeinuka kidogo. Kwa nchi zinazopita kulia huinuka kulia, umulike mtembea kwa miguu na alama za kando bila kumpofusha anayekuja. Gari lililotengenezwa kwa Kenya au Japani huinua mwanga kushoto, na kwenye barabara ya Rubavu huko kushoto ndiko yaliko macho ya dereva mwenzako. Mafundi wengine huinamisha taa nzima chini ili ipite ukaguzi. Hapo mwanga hautampofusha mtu, lakini na wewe huoni mbali.

Mkaguzi hahitaji kubishana. Kwenye kioo cha taa kuna herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoidhinisha: E1 ni Ujerumani, E2 Ufaransa, E6 Ubelgiji, E11 Uingereza, E43 Japani. Mfumo huo unatokana na mkataba uliotiwa saini Geneva tarehe 20 Machi 1958. Taa ya barabara za kushoto hupigwa chapa ya mshale unaoelekea mkono wa kulia wa mtu aliyesimama mbele ya gari akiitazama. Taa ya barabara za kulia haina mshale. Yenye mshale wa pande mbili inaweza kugeuzwa. Kwa hiyo ukienda Gatsata, Kigali, kununua taa ya mtumba, vaa miwani yako kabla ya kutoa pesa.

Hapa tena wazee wana bahati. Magari mengi ya miaka ya 1960 yana taa za duara za inchi 7, kipimo kilichotumiwa na viwanda vingi. Taa ya barabara za kulia yenye balbu ya halojeni hupachikwa kwenye tundu lilelile, skrubu zilezile. Mwenye gari la kisasa lenye taa za umbo la jani la muhogo atanunua taa mbili nzima, kama zipo.

Je, wajua kwamba maji huchemka Gisenyi kabla ya kufika nyuzi 100?

Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji huchemka karibu na nyuzi 95. Rejeta ya gari la zamani, yenye mfuniko dhaifu wa kushikilia presha, huanza kutokota mapema kuliko ilivyokuwa ikifanya Dar es Salaam. Lakini kupanda si tatizo kubwa kama kushuka. Barabara ya kutoka Kigali hupita juu ya mita 2,000 kabla ya kuteremka kwenda Rubavu, na mteremko huo ndio mtihani halisi wa breki, kuliko mashine yoyote ya polisi.

Breki za drami, ambazo magari mengi ya zamani yanazo magurudumu yote manne, zina tabia ya ajabu. Zikipata moto drami hutanuka, hukimbia kutoka kwenye viatu vya breki, na pedali huzama chini zaidi kila unapokanyaga. Breki za disiki hufanya kinyume: disiki ikipata moto hunenepa kuelekea kwenye pedi. Halafu kuna mafuta ya breki yenyewe. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka kwa nyuzi 205, na ya DOT 4 kwa 230. Yakikaa yakanyonya unyevu wa hewa, viwango hivyo hushuka hadi 140 na 155. Mvuke ukiingia kwenye bomba, pedali hugeuka sifongo. Mtu aliyetumia pesa nyingi kupiga rangi halafu akaacha mafuta ya breki ya mwaka juzi amefanya kazi kwa mpangilio mbaya.

Magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yana pia njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote. Bomba moja likipasuka, zote zimekwenda. Master silinda ya njia mbili, inayoacha angalau magurudumu mawili na breki, ndiyo rekebisho ambalo ningeliweka mbele ya mengine yote, hata pale ambapo hakuna mkaguzi anayelidai.

Je, wajua kwamba kipimo cha breki kinaweza kuvunja gari?

Kwenye kituo cha ukaguzi gari huwekwa juu ya roli zinazozungusha magurudumu, dereva akanyage breki, na mashine ipime nguvu ya kila upande na tofauti yake. Land Rover za zamani zina breki ya mkono isiyoshika magurudumu: inashika drami iliyo nyuma ya giaboksi, kwenye mti unaokwenda nyuma. Ukiivuta kwa ghafla huku roli zinazunguka, nguvu yote hupita kwenye difu na mihimili ya ndani ya ekseli, ambayo kwa Land Rover hizo ni dhaifu kwa sifa. Basi mwenye gari amweleze mkaguzi kabla ya kuanza. Range Rover ya mwaka 1970 na wenzake wanaoendesha magurudumu yote manne muda wote wana shida ya namna hiyo kwenye roli za ekseli moja.

Rwanda, gari binafsi hukaguliwa mara moja kwa mwaka na la abiria kila miezi sita. Kwa muda mrefu kituo kilikuwa kimoja, Remera, Kigali. Baadaye vituo viliongezwa Huye, Musanze na Rwamagana. Kwa mtu wa Gisenyi kile cha Musanze kimemwondolea safari ya kuvuka nusu ya nchi na gari ambalo bado halijathibitishwa kuwa linasimama.

Je, wajua kwamba hewa ya Rubavu hulifanya gari zima lionekane bovu?

Kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, yaani karibu asilimia 15 ikifika Gisenyi. Kabureta haijui hilo. Inaendelea kumwaga petroli kwa kipimo cha pwani, mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinakuwa nyeusi, na eksozi inatoa kaboni monoksaidi nyingi. Watu hufungua injini kubadilisha ringi za pistoni wakati dawa ni jeti ndogo zaidi, kipande cha shaba kinachoingia kwenye kiganja cha mtoto. Injini za kisasa za sindano za mafuta hujipima zenyewe. Hilo ni eneo ambalo gari jipya linashinda, na sitalikana.

Je, wajua kwamba Land Rover nyingi hadi karibu mwaka 1967 zilifungwa betri kinyume?

Waya wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi, si wa hasi. Fundi umeme kijana anayefika na redio mpya au alteneta, akafunga kama alivyozoea, huunguza kila kitu kwa cheche moja. Kubadilisha mfumo kunawezekana nyumbani, mradi kila kifaa kitazamwe kwanza.

Mkanda wa usalama wa kushika bega na kiuno nao ni mgeni kwenye magari hayo. Ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959. Gari lisilo na mahali pa kuufunga lazima liongezewe bamba nene la chuma nyuma ya bati. Bolti iliyopenya bati tupu hung'oka siku inapohitajika.

Je, wajua kwamba Uingereza iliwahi kulipa gari alama kama mwanafunzi?

Swali gumu kuliko yote halihusu breki wala taa: ukibadilisha injini, giaboksi, ekseli na milango, gari ni lilelile? Kwa miaka mingi Uingereza ilijibu kwa hesabu. Chesi ya asili alama 5, springi na mfumo wake 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2, injini 1 tu. Gari lililobadilishwa sana lilihitaji alama 8, na chesi ikiwemo, ili libaki na namba yake ya zamani. Ona injini ilivyodharauliwa. Ujerumani ilichagua njia nyingine: tangu mwaka 1997 gari lililofikisha miaka 30 likiwa katika hali inayofanana na ya asili hupewa namba yenye herufi H mwishoni na ushuru wa euro 191 kwa mwaka bila kujali ukubwa wa injini.

Kwetu sheria za umri hutazama zaidi mlangoni. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Gari la babu lililo ndani ya nchi tayari liko salama na sheria hizo, lakini karatasi zake ndizo uti wa mgongo. Rwanda usajili uko mikononi mwa Mamlaka ya Mapato, na waraka wa gari watu huuita bado kwa Kifaransa, carte jaune. Namba iliyopigwa kwenye chesi isipolingana na iliyo kwenye kadi hiyo, hata gari lifunge breki kama ndege ya kivita halitapata cheti. Wanaokata chesi iliyooza na kuchomelea nyingine wakumbuke kupiga picha kila hatua kabla ya grinda kuifuta namba.

Je, wajua kwamba gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1965 lilikuwa mtumba?

Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932 na kujifunza ufundi katika gereji ya baba yake. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia na Volvo PV544 ambayo kiwanda kiliitumia kwenye mashindano ya mwaka uliotangulia kisha kikaiuza. Waliifungua, wakaifunga upya, wakapewa namba 1 mlangoni na kushinda. Singh akashinda tena 1974 na 1976, mara zote mbili na Mitsubishi.

Aina hiyo ya magari imerudi barabarani. Mwaka 2003, nusu karne baada ya mashindano ya kwanza ya 1953 yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilianzishwa Safari ya magari ya zamani. Kabla ya kuondoka kila gari hukaguliwa, na hapo swali ni tofauti na la polisi: polisi wanataka kujua kama umeliboresha vya kutosha; wakaguzi wa mashindano wanataka kujua kama umeliboresha kupita kiasi.

Je, wajua kwamba Gisenyi kuna vyombo vilivyotanuliwa kwa sababu ya ushuru?

Kwenye mpaka mdogo, Petite Barrière, watu wenye ulemavu wamekuwa wakivuka kwenda Goma na baiskeli za magurudumu matatu wakilegezewa ushuru wa mizigo. Matokeo yake mafundi wa kuchomelea walizirefusha na kuzipanua baiskeli hizo hadi zikabeba magunia. Ng'ambo ya pili kuna chukudu, skuta ya mbao inayobeba mkaa na viazi, ambayo Goma iliijengea sanamu ya rangi ya dhahabu mwaka 2009. Sijui chombo kingine cha usafiri kilichopewa sanamu bila kuwahi kupewa cheti.

Je, wajua kwamba Land Rover ya zamani inaweza kupita ukaguzi wa moshi bila injini?

Nairobi, kampuni ya Opibus, sasa Roam, iliyoanzishwa mwaka 2017, iling'oa injini za dizeli kwenye Land Rover na Land Cruiser za watalii na kuweka mota za umeme. Mwaka 2018 kampuni ya utalii ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilipeleka Serengeti Land Cruiser iliyobadilishwa hivyo kwa msaada wa Carwatt ya Ufaransa. Ufaransa yenyewe iliweka sheria ya kazi hiyo tarehe 13 Machi 2020: gari liwe limezidi miaka 5, pikipiki miaka 3, na kifaa kiwe kimeidhinishwa. Rwanda ilianzia kwenye pikipiki. Kampuni ya Rwanda Electric Mobility hubadilisha pikipiki za petroli kuwa za umeme, na tangu Januari 2025 Kigali haisajili pikipiki mpya za petroli kwa kazi ya teksi.

Mota ya umeme haijali hewa nyepesi, na kwenye mteremko wa kuingia Rubavu hugeuka jenereta: inalizuia gari na kurudisha umeme kwenye betri. Ila anayeijaza betri hadi juu huko Bigogwe kabla ya kuteremka hatapata msaada huo. Umeme hauna pa kuwekwa, na drami nne za mwaka 1965 zinafanya kazi yote peke yake.